Mto Uliopanda Mlima

Mpiga gitaa mmoja, wenzake wakimwita Nyuzi, aliiacha bendi ya harusi akajifungia ndani ya kabati la shangazi yake, katikati ya magauni na dawa ya nondo, akatunga albamu nzima peke yake. Albamu ya jiografia! Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akatia pamba masikioni.

Wa kumwogopa alikuwa mmoja tu, shangazi mwenyewe, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo. Shangazi hakuwahi kumaliza kusikiliza wimbo wake hata mmoja. Ukifika kiitikio tu, utamsikia: "Ngoja niangalie jiko." Safari hii akamwekea sharti.

"Nitasikiliza zote. Lakini nikisimama kabla hujamaliza, gitaa unalitundika, na kesho uko dukani kwa mjomba wako unabeba saruji. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi," alijibu Nyuzi.

Wakaketi sebuleni, shangazi na mwiko mkononi, maana alikuwa na maharage jikoni. Nyuzi akaanza na wimbo wa Uwanda wa Juu: noti moja, haipandi haishuki. Shangazi akapiga miayo. Ikafuata Kisiwa, gitaa likilia huku mguu wa Nyuzi ukivuruga maji kwenye beseni. Shangazi akalitazama zulia lake linavyolowa, akameza neno. Kwenye Jangwa palikuwa kimya karibu wimbo mzima.

"Umesahau?"

"Hapana, shangazi. Ndiyo jangwa lenyewe."

Mdomo wa shangazi ukachezacheza, lakini hakucheka. Nyuzi akapata moyo.

Ukabaki Mto, aliokuwa akiupenda kuliko nyimbo zote. Akaanzia kwenye uzi mnene, chini kabisa, akapanda taratibu, akapanda.

Shangazi akasimama.

Nyuzi alihisi mfuko wa kwanza wa saruji ukimkalia begani. Aliumia kweli, machozi yakamlenga.

"Mto gani huo unapanda mlima?" shangazi alifoka. "Mambo yaleyale ya darasa la tano! Ile ramani yako niliifuta mara ngapi? Chemchemi iko wapi?"

"Juu, shangazi."

"Basi anzia juu!"

Akainua mwiko hadi usawa wa pazia, akauchora mto hewani. Nyuzi akaanzia uzi mwembamba, akaufuata mwiko kwenye maporomoko, akakata kona, akapunguza mwendo bondeni. Kila mwiko ulipoonyesha kijito, shangazi alikiimba mwenyewe, kwa sauti tamu ambayo Nyuzi hakujua kama anayo. Mto ukaishia kwenye zulia lililolowa.

"Lakini umesimama, shangazi," Nyuzi alisema kinyonge. Ahadi ni deni.

"Nimesimama kufundisha. Hiyo haihesabiki." Akatazama huku na huku. "Na bahari je? Mto haukatikii njiani."

"Bahari sijaitunga. Itachukua muda."

Shangazi akavuta kiti, akaketi, akaupakata mwiko wake. "Itunge. Mimi nipo."

Jikoni maharage yakaanza kunuka kuungua. Shangazi hakunyanyuka.