Breki Mpya za Khelef

Khelef alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini tangu anunue baiskeli ile kuukuu majirani zake wa Mkunazini walimwita fundi, tena kwa kumcheka. Aliinunua Paje kwa Bi Wanu, mkulima wa mwani. Ilikuwa baiskeli ya milimani ya zamani iliyoachwa na mgeni, uma wake wa mbele, unaoshika gurudumu, bomba la chuma tupu lisilo na springi. Kutu ilikuwa imeienea. Khelef ni mtu wa kubana matumizi mpaka majani ya chai huyaanika ayatumie tena, basi hakuubadilisha uma. Aliupiga msasa, akaupaka rangi ya buluu, akatafuta mipira ya mtumba. Kitu kimoja tu hakukibania: breki. Alifunga mpya, kali, kwa kuwa atakayeipanda ni Faiza, na mtoto hakuwa na mwengine.

Jumamosi asubuhi Faiza akaondoka nayo kwenda Mangapwani kwa shangazi yake. Wiki nzima alikuwa akimwomba baba yake amwache aende peke yake.

Hakujapita muda simu ya Khelef ikalia. Alikuwa Bi Wanu.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba, mwanangu. Ile baiskeli unaipanda?"

"Kaichukua Faiza. Kwani?"

"Mteremshe! Zilikuwa mbili zile, pacha. Ya pili imemkatikia uma mwanangu Nahodha jana, kaanguka kavunjika taya. Zote tukibebea mwani, tunazitia majini kila siku. Nje nzima, ndani imeliwa na chumvi."

 Siku ile ya kununua Khelef aliuliza bei, akaishusha bei, akajiona mjanja. Baiskeli ilifanya kazi gani hakuuliza.

Akampigia Faiza. Ilipoita mara moja tu aliikata mwenyewe. Faiza akisikia simu atafunga breki ili apokee, na breki zile kali ndizo zitakazoukata uma.

Basil, jirani yake, akampakia kwenye vespa. Njia nzima Khelef aliogopa, hata aibu ya kuogopa hakuwa nayo. Alisoma dua zote anazozijua akazichanganya. Kila watu waliokusanyika barabarani aliona wamemzunguka mwanawe, kumbe wananunua machungwa.

Walipopita Chuini wakamwona kwa mbali, mtandio wa manjano juu ya baiskeli ya buluu, na mbele yake mteremko. Basil akapeleka kidole kwenye honi.

Khelef akamdaka mkono. "Usipige! Wallahi atasimama!"

Wakamfuata nyuma, kimya. Faiza akashuka kwa raha zake, hata pedeli hazikanyagi. Khelef alifumba macho, akaona kufumba ni kubaya zaidi, akayafumbua. Kule chini barabara ikaanza kupanda, baiskeli ikapoteza kasi yenyewe, Faiza akateremka akawa anaisukuma. Ndipo Khelef alipomwita.

Faiza aligeuka, uso ukamkunjika. "Baba, wanifuata? Si umenipa ruhusa?"

"Nipe baiskeli."

"Mtu mzima mimi, baba!"

"Nipe, mwanangu."

Akamwachia kwa hasira, akashika njia kwa miguu.

Khelef akaigeukia baiskeli. Akauegemea usukani kwa uzito wake wote, akaisukuma baiskeli mbele kwa nguvu, akabana breki ya mbele. Uma ulikatika kwa mlio mdogo tu. Gurudumu likabingirika mpaka mtaroni, na kwenye bomba lile la buluu ikamwagika kutu tele.

Faiza akarudi. Alilitazama gurudumu, akautazama mteremko alioushuka, kisha akakaa pale pale kando ya barabara. Khelef akakaa naye, akamshika mkono.

"Baba," Faiza akasema, "pale katikati ya mteremko ilibaki kidogo nsimame, nkupigie simu, nkwambie breki zako zinavyokamata."