Mguu wa Mwalimu

Mume wangu ndiye mwalimu wa udereva mpole kuliko wote mjini. Waulizeni wanafunzi wake, mimi msiniulize. Kutwa nzima hukaa kiti cha pembeni katika kigari chenye bango la chuo juu ya paa, mguu wake wa kulia ukielea juu ya breki ya pili, ile wanayowekewa walimu wasije wakafa kabla ya siku zao. Mwanafunzi akizima gari katikati ya barabara, wenye haraka wakapiga honi na kutukana, yeye husema, "Taratibu. Washa tena." Wamembandika jina la Mwalimu Taratibu, naye analipenda.

Jioni, subira yote akiwa amekwisha kuigawa kwa watu, ilifika zamu yangu.

"Breki! Breki, mama! Huoni?"

Nilikuwa naona. Toroli la vitunguu nililiona tangu mbali, na ndiyo kwanza nilikuwa nautoa mguu kwenye mafuta, mara gari likasimama kwa kishindo, mikanda ikatubana vifua. Alikuwa amekwisha kukanyaga yeye. "Umeona sasa?" akasema, akijipangusa uso kwa leso iliyoloa tangu mchana. Nilikuwa nimetoka dobini, nimepiga pasi mashuka ya hoteli tangu asubuhi, kiuno kinawaka moto, na ugomvi nao unataka nguvu.

Tulikuwa hoi sote wawili, hilo lijulikane. Lakini leseni niliitaka kuliko usingizi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa ameniahidi usukani wa gari la watoto. "Wazazi wanakujua, watoto wanakupenda," aliniambia, "ila leseni niione kabla shule hazijafunguliwa. Baada ya hapo nitamtafuta mwingine, tusije tukalaumiana." Kifua changu kilikuwa kimeanza kuukataa mvuke wa pasi, usiku nilikohoa mpaka binti yetu akaamka kuniletea maji. Na mtihani wenyewe nilikuwa nimeshaufeli mara moja.

Mara ya pili nayo nikafeli. Mtahini, mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno, alisubiri nizime gari ndipo akanigeukia.

"Mama, kuendesha unajua," akasema. "Lakini kila tukifika penye hatari, unapunguza mwendo halafu unanisubiri mimi. Nani aliyekuzoesha kufungiwa breki?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, hasira zimenijaa mpaka kooni. Nilimtukana mume wangu kimoyomoyo, nikautukana na mguu wake. Ingekuwa raha iliyoje kama kosa lote lingekuwa lake! Lakini njia ilikuwa ndefu, na mtu akitembea peke yake mawazo humgeuka. Nikakumbuka jinsi mama yangu alivyokuwa akinijibia wageni waliponiuliza jina. Kaka yangu ndiye aliyenichagulia kazi ya dobi. Hata kule kazini nilingoja msimamizi aniambie, "Wewe umechoka, kapumzike," ndipo nikubali kwamba nimechoka. Na nisiseme uongo, kulikuwa na starehe yake: anayefungiwa breki halaumiwi gari likigonga. Nilikuwa nimejilalia humo miaka yote, halafu nikashangaa kwa nini sifiki popote.

Nilimkuta ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, macho ameyafumba. Binti yetu alikuwa kizingitini akimenya viazi.

"Nimefeli," nikamwambia. "Nimefeli kwa ajili ya mguu wako."

Akafumbua jicho moja. "Mguu wangu tena?"

"Kila nikitaka kusimama, umeshanisimamisha. Tangu uanze kunifundisha, sijawahi kulisimamisha lile gari mwenyewe."

"Baba, wale wengine si huwa unawaacha mpaka wanazima?" binti yetu akadakia.

"Wewe menya viazi."

Akavichezesha vidole vya miguu majini. Nilidhani anatafuta jibu la kunikata maini, nikajiandaa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini mno.

"Mwanafunzi wa watu akikosea, namrudisha kwao. Wewe ukikosea, nakurudisha wapi?"

Nilitaka kulia, sijui kwa hasira au kwa huruma. Tumeoana na kuzaa, tumezika wazee wetu pamoja, na hajawahi kuniambia kwamba anaogopa. Kumbe yale makelele yote ya "huoni, huoni" yalikuwa woga mtupu, nami nikayapokea kama dharau.

"Si ungesema unaogopa?" nikamwambia. "Mimi nilijua unaniona mjinga."

"Maneno hayo mwanamume anayasemaje?"

"Hivyo hivyo ulivyoyasema."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Nikaona hapo hapo, nisiposema sasa sitasema tena.

"Kesho utakunja miguu," nikamwambia. Sikuzoea kumpa amri hata paka. "Utaikunja juu ya kiti, na hutaishusha mpaka turudi."

"Mama, hatari hiyo."

"Mtihani ukinishinda safari hii, narudi kwenye mvuke. Hatari ni ipi?"

Kikohozi changu kikamjibu kabla sijamaliza. Binti yetu akaacha kumenya, akamtazama baba yake. Yeye akayatazama maji ya kwenye beseni, ambayo yalikuwa yamekwisha kupoa.

Kesho yake jioni alivua viatu, akakunja miguu juu ya kiti kama aliyealikwa mkekani. Wapita njia walitukodolea macho. Muuza magazeti alituuliza kama mwalimu amepandwa na jini, naye akamjibu kwamba jini lenyewe ndilo linaloendesha. Nilicheka, ila macho sikuyatoa barabarani.

Tulipokaribia makutano ya sokoni, lori la mchanga likajitokeza upande wa kulia, linakuja bila wasiwasi wowote. Nikasikia mume wangu anavuta pumzi. "Ma..." akaanza, kisha akajiuma mdomo, vidole vikaung'ang'ania mkanda. Ule mguu nilioungoja maisha yangu yote haukuja. Ndani ya gari hapakuwa na mtu mwingine wa kusimamisha chochote.

Nikakanyaga. Nilikanyaga kwa nguvu za kuua nyoka, nikasahau klachi, gari likakohoa na kuzimika pale pale. Lori likapita mbele yetu, dereva wake ametoa kichwa dirishani ananipa matusi ya nguoni. Nyuma yetu honi zikaanza. Nilitaka kupiga vigelegele, kwa maana tulikuwa tumesimama, na aliyetusimamisha ni mimi.

Nikamgeukia. Uso ulikuwa umemparama, miguu bado ameikunja.

"Taratibu," akasema. "Washa tena."

Nikawasha.

Siku ya mtihani hakutakiwa kupanda nasi. Aliketi kwenye benchi nje ya chuo, tai aliyoifunga kwa ajili yangu imekaa upande, nami sikuwa na nafasi ya kumrekebishia. Mtahini alifunga mkanda, akaniambia niondoke. Kwenye kioo nikamwona mume wangu anazidi kuwa mdogo, mikono ameipakata, na mguu wake wa kulia unakanyaga vumbi, unaachia, unakanyaga tena.

Nikaondoa macho kiooni. Mbele yetu taa nyekundu za lori la taka zikawaka. Mtahini hakusema kitu. Nikaushusha mguu wangu.