Kura ya Mwenyekiti

Kisiwa kile kilikuwa na umbo la kibuyu. Upande mkubwa ulikuwa na kilima, na kilimani ndiko zilikokuwa shule, zahanati, maduka na ofisi ya kata. Upande mdogo ulikuwa tambarare kama meza, nyumba zake chache zikitazama maji. Katikati palikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi ambao watu waliuita Shingoni, na juu yake ilipita barabara pekee iliyounganisha pande hizo. Bahari ikijaa sana, hapapitiki.

Mwenyekiti wa baraza la kata alikuwa fundi cherehani. Watu walisema walimchagua kwa sababu mwanamke anayeweza kumwambia bibi harusi kwamba kitambaa hakitoshi hawezi kushindwa kumwambia mkuu wa wilaya jambo lolote. Alizaliwa upande mdogo, akaolewa upande mkubwa. Kaka yake alibaki kule kule. Huyo alikuwa mwashi, na watu walimwita Saruji, maana hata akivaa shati jipya, vumbi la kazi lilimfuata hadi masikioni. Ukuta uliokinga barabara ya Shingoni aliujenga yeye, na kila bahari ilipoubomoa aliujenga upya.

Mwaka mmoja ukuta ukabomoka mara mbili. Serikali ikamtuma mhandisi. Alipima, akazungumza na kila mtu kwa adabu, kisha akaliambia baraza bila kuzunguka: ukuta wowote wa pale utaliwa, na baada ya barabara zitafuata nyumba. Fedha zilitosha jambo moja tu. Ama ujengwe ukuta mwingine, ama uwanda mtupu nyuma ya kilima utiwe maji, umeme na barabara, watu wa upande mdogo wahamie huko. Baraza lichague.

Wajumbe waligawanyika nusu kwa nusu. Wote walitoka upande mkubwa. Kule kwingine watu walikuwa wachache mno, sheria haikuwapa kiti. Ikabaki kura ya Mwenyekiti. Mjumbe mwenye duka la vifaa vya ujenzi akacheka kidogo.

"Basi ukuta umeshapita. Mwamba ngoma huvutia kwake."

Mwenyekiti alitazama ramani iliyobandikwa ukutani. Upande mdogo ungefunikwa na ukucha wake wa kidole gumba, na chini ya ukucha huo kilikuwemo chumba alichozaliwa. Alijua kaka yake anasubiri. Alijua pia kwamba mhandisi hakusema uongo.

"Kura yangu," alisema, "ni wahame."

Habari zina miguu. Zilivuka Shingoni kabla yake. Kesho yake alimkuta Saruji amekaa mlangoni kwake akikwangua mwiko wake wa kazi. Hakuinuka.

"Karibu, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Neno lile lilimchoma. Tangu utotoni kaka yake alimwita Kadogo, hata mbele ya wakwe.

"Kaka, mimi hapa si mheshimiwa wa mtu."

"Basi nenda kakae huko unakoheshimiwa."

Wifi yake alikuwa ametoka na kiti cha mgeni. Akamtazama mumewe, akamtazama mgeni, akakirudisha ndani taratibu kwa aibu. Mwenyekiti akageuza njia.

Wapimaji wa viwanja walipokuja, watu wa upande mdogo hawakuwafukuza. Hawakuwasemesha pia. Kila mlango ulirudishwa. Mwenyekiti akamwomba mumewe aende akaseme na shemeji yake.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," mumewe alijibu, akivaa viatu. "Na mimi magugu yananisubiri."

Siku moja wifi yake alimfuata Mwenyekiti kwenye duka lake la ushonaji, gauni mkononi. Mwenyekiti aliligeuza huku na huku.

"Wifi, hili gauni halina kasoro."

"Najua. Sikuja kwa ajili ya gauni." Akakaa kwenye benchi la wateja. "Unadhani kaka yako ana hasira na kura? Kila ukuta ukianguka, yeye ndiye anayeokota mawe. Anajua. Kinachomuuma ni kwamba mlikaa huku juu mkaamua tulale wapi, na sisi hatumo. Asiyekuwepo na lake halipo, si ndivyo? Mhandisi, mgeni wa watu, alipita nyumba kwa nyumba. Wewe hukuja."

Mwenyekiti alilikunja gauni taratibu, akamrudishia.

Kikao kilichofuata alikiita upande mdogo, katika darasa pekee la huko, la chekechea. Wajumbe walilalamika njia nzima, kisha wakakaa kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa videvu. Watu walijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alisimama.

"Ningepiga kura ile ile," alisema. "Sitawadanganya. Lakini nilipaswa kuja kwanza. Sikuja kwa sababu nilimwogopa kaka yangu."

Saruji alikuwa ameegemea mlango.

"Hata mimi ningejiogopa," alisema, na watu wakacheka, naye hakucheka. "Ukuta niliujenga mimi, na nasema hautasimama. Hilo limekwisha. Lakini mmetugawia viwanja kama karata. Huyu mama na jirani yake wamepeana moto miaka yote, leo mmoja mmemtupa mwanzo wa uwanda na mwingine mwisho. Na makaburi ya wazazi wetu tutayafikiaje barabara ikifa?"

Walianza kubishana. Maji yalijaa, Shingoni pakafungwa, hakuna mjumbe aliyeweza kusingizia shughuli nyumbani. Ikabidi wasikilizane. Mpaka maji yanapungua walikuwa wamekubaliana kwamba majirani watabaki majirani, na kwamba kata itaweka boti ya kwenda makaburini. Mwenye duka la vifaa alipinga boti hadi mwisho.

Watu wa upande mdogo walihama kidogo kidogo. Saruji alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Siku ya kufunga nyumba, dada yake alikwenda kusaidia kubeba vyombo, na walifanya kazi asubuhi nzima bila maneno mengi. Alipoinua kabati peke yake, kaka akafoka, "Kadogo, utavunjika kiuno!" Basi dada akajua yamekwisha.

Uwandani hakuna anayeona bahari. Wifi anasema bado anaamka akitega sikio, na ule ukimya hajauzoea. Mwenyekiti huwa hamfariji; hukaa naye tu.

Uwanda mpya uliunganishwa na mtaa wa jirani chini ya kilima, ukapata kiti, na uchaguzi ulipofika Saruji alikigombea, akashinda. Katika kikao chake cha kwanza alipinga mpango wa dada yake wa mifereji, hoja kwa hoja, akauangusha kwa kura. Mwenyekiti alirudi dukani anafuka hasira, akashona suruali ya mteja miguu kinyume, ikabidi aifumue yote.