Arobaini ya Pili

Arobaini ya Bi Zabibu ilisomwa mara mbili pale Mgori, na mara zote mbili watu walikula wakashiba. Usicheke. Waliokula mara ya pili walijua fika kwamba marehemu ana zaidi ya miezi mitatu kaburini, lakini waliketi mkekani, wakaitikia dua, na wengine wakauliza kama pilau imebaki. Mzee Abdulhamidi, kaka wa marehemu, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na fimbo yake akisema neno moja tu: "Mbele ya mpwa wangu Sultani, dada yangu kafa mwanzoni mwa mwezi wa nne. Asiyeweza kusema hivyo abaki kwake."

Hakuna aliyebaki kwake. Pilau ni pilau.

Stumai, binti wa marehemu, alikuwa nyuma kwenye jiko la kuni. Kila mwanamke aliyeingia alimshika mkono na kumpa pole mpya ya msiba wa zamani, naye akajibu, "Tumeshapoa," huku roho inamuuma. Watu walidhani anamlilia mama. Alimlilia, ndiyo. Lakini kilichomkosesha usingizi kilikuwa kingine, na kilikuwa kimekaa upande wa pili wa ukuta, kwenye kigoda, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Huyo alikuwa kaka yake, Sultani, mwanajeshi. Mwaka uliopita, mwezi wa nane, alipelekwa Kongo kulinda amani. Tangu siku hiyo nyumba ile iliishi kwa masikio. Taarifa ya habari ikianza, Bi Zabibu alinyamazisha hata kuku. Gari la kijani likionekana linatimua vumbi kutoka barabara ya Singida, aliacha alichoshika akasimama mpaka lipite. Mtoto yuko vitani, mama yuko vitani. Kinachowatofautisha ni bunduki tu.

Mwezi wa pili, Bi Zabibu akiwa anapalilia alizeti, alisema kichwa kinamgonga, akaketi chini ya shina na jembe mapajani. Hakuinuka tena. Presha, walisema. Akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri.

Usiku wa matanga bado haujaisha Mzee Abdulhamidi akatoa amri: Sultani asiambiwe. Usimwone mkorofi. Alikuwa na sababu yake, na aliitoa. Alipigana vita vya Kagera akiwa kijana. Rafiki yake, Emilian, aliletewa barua kwamba baba yake amefariki. "Siku ile ile," alisema mzee, "Emilian alitembea wima pale ambapo sote tulitambaa. Tulimwita, hakusikia. Askari mwenye msiba hainamishi kichwa. Mkimwambia Sultani, mmemuua ninyi." Nani angembishia? Akaongeza, "Na simu ya mama yenu isizimwe. Ikizimwa, atajua." Simu akaachiwa Stumai.

Sasa, Stumai na mama yake walikuwa na sauti moja. Tangu Stumai akiwa msichana, watu wakipiga simu walimwamkia yeye wakidhani ni Bi Zabibu, naye alikuwa akicheka na kusema, "Subiri nimpe mwenyewe." Siku ya kumi na moja baada ya maziko, simu ikaita. Alikuwa anapepeta uwele, koo limekauka kwa kilio. Akapokea bila kusema kitu.

"Shikamoo mama," alisema Sultani.

Hapo ndipo. Angesema tu, Kaka, ni mimi. Sultani alimzidi miaka saba. Ndiye aliyembeba mgongoni mama akienda shamba, ndiye aliyemsindikiza siku ya kwanza shuleni. Tangu aanze kusema, Stumai hakuwahi kupishana naye asubuhi bila kumwamkia. Mdogo hapokei shikamoo ya mkubwa wake hata kwa mzaha. Mtoto akithubutu, anakula kofi papo hapo. Stumai akafungua mdomo.

"Marahaba," akasema.

"Sauti yako imekuwaje?"

"Mafua, baba."

Na ikawa hivyo. Uongo ni kama kinyesi cha kuku, ukishakikanyaga unakisambaza nyumba nzima. Mara ya pili alipopiga, Stumai alikuwa tayari. Alimwita "baba wa watu" kama mama alivyomwita, akamuuliza lile swali ambalo mama hakukosa kuuliza: "Umekula, au unanidanganya?" Sultani akacheka. Aibu iliyoje, lakini Stumai naye alijikuta akitabasamu. Kwa dakika tatu mama alikuwa hai, na yeye ndiye aliyekuwa naye mdomoni.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa tatu, jioni, Mzee Abdulhamidi amekaa pembeni na simu imewekwa sauti ya nje.

"Mama, nimekuota," alisema Sultani. "Umenipa kisogo, nakuita huitiki. Sina raha. Kuna ruhusa kwa wenye matatizo nyumbani, ndege inaondoka Jumatano. Kama unaumwa, kama kuna lolote, sema neno moja tu. Naandikisha jina sasa hivi."

Stumai akamtazama mjomba. Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa anamwona Emilian. Lakini Stumai hakuwa anamwona Emilian, na hilo ndilo jambo ambalo hakumwambia mtu. Alimwona kaka yake akishuka pale barabarani, akiulizia mama, akihesabu siku, kisha akigeuka kumtazama yeye: wewe ndiye uliyepokea shikamoo yangu? Aliogopa fedheha yake mwenyewe. Hiyo tu.

"Nyumbani hakuna tatizo," akasema kwa sauti ya mama. "Kaa ufanye kazi iliyokupeleka."

"Sawa, mama," alisema Sultani, kwa unyonge.

Ndege ya Jumatano ikaondoka bila yeye. Jumamosi bomu likaangukia kambi yao. Alitoka hai, mguu wa kushoto ukabaki huko.

Mwezi wa nne ulipoanza, mjomba alimfuata hospitali Dar es Salaam. Alikuwa amekusudia kusema kweli, aliapa hivyo baadaye, lakini alipoliona shuka limelala bapa pale mguu ulipotakiwa kuwa, ulimi ukamgeuka. Akasema Bi Zabibu amefariki juzi. Sultani hakulia. Alitazama dari, kisha akasema, "Nilimwomba neno moja, mjomba. Alinikatalia kurudi. Mama yangu mwenyewe."

Akarudi Mgori katikati ya mwezi wa tano, kwa magongo, na hasira hiyo hiyo. Hakuuliza kaburi liko wapi. Ndiyo maana mzee akaitisha arobaini ya pili, kwa tarehe ya uongo, akiamini kisomo kitamlainisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wazee wengine hawasikii methali mpaka ziwaangukie.

Basi watu wamekaa, uradi umekwisha, sheikh akatuma mtu nyuma ya nyumba amwite mtoto wa marehemu aje amwombee mama yake. Sultani akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mkeka.

"Mwambieni sheikh aendelee. Mama alininyima neno moja. Na mimi namnyima dua."

Astaghfirullah! Watu wakainamisha vichwa. Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

Pale jikoni, Kristina, jirani aliyekuja kusaidia kupika, aliweka mwiko chini. Mama huyu ni Mkristo, lakini yeye na Bi Zabibu walikuwa wamelima pamoja miaka thelathini, na siri yote aliijua. Hakupaza sauti.

"Stumai mwanangu. Mama yako kakunyonyesha miaka miwili. Utamwacha alale na kosa lako?"

Stumai akajifuta mikono kwenye khanga akatoka. Mzee Abdulhamidi alimwona, akamwahi kwenye kona ya nyumba, akamshika mkono.

"Rudi jikoni. Atakuchukia maisha yako yote."

"Heri anichukie mimi, mjomba. Mimi niko hai."

Sultani alikuwa amekaa karibu na alizeti zilizoanikwa, mgongo ameuelekeza kwenye njia ya makaburini.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Njoo ukae hapa." Akasogeza gongo kumpisha. "Nimebaki na wewe tu."

Loo! Angemtukana ingekuwa nafuu. Stumai hakukaa. Akageukia ukuta, kwa sababu usoni hakuweza kumtazama, akavuta pumzi.

"Baba wa watu," akasema kwa sauti ile. "Umekula, au unanidanganya?"

Gongo likaanguka. Kuku wakaanza kudonoa alizeti na hakuna aliyewafukuza.

"Yale mafua," alisema Sultani.

"Nilikuwa nimelia, kaka. Mama alikuwa na siku kumi na moja kaburini."

"Na niliposema nimemwota?"

"Alishakufa."

"Jumatano. Ile ndege."

"Ni mimi."

"Mjomba alikulazimisha."

Mlango huo alifunguliwa na kaka yake mwenyewe, na ungemtosha kupita. "Mjomba alitikisa kichwa," alisema Stumai. "Mdomo ulikuwa wangu. Niliogopa ukirudi utajua kwamba nilipokea shikamoo yako. Mama hajakunyima kitu. Angekuwepo angekuja kukuchukua kwa miguu."

Sultani alitazama suruali iliyokunjwa. "Kwa hiyo mguu wangu..." akaanza, akaacha. Stumai akapiga magoti kuokota gongo. Kaka yake akalichukua mkononi mwake bila kumtazama.

"Wamemlaza upande gani?"

"Baada ya ua wa minyaa. Wa mwisho, mkono wa kulia."

Sultani akapita katikati ya mkeka, watu wakivuta miguu yao kumpisha. Sheikh alifunga kitabu. Mzee Abdulhamidi alisimama na fimbo yake, akafungua mdomo, Sultani akampita. Stumai alifuata kwa mbali, akaishia kwenye ua wa minyaa, kwani kwao wanawake hawaingii makaburini.

Kaburi lilishanyeshewa mvua zote za mwisho wa msimu. Udongo ulikuwa umeshuka, nyasi zimeota mpaka magotini, na mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba halina siku arobaini tu. Sultani alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akajishusha polepole, gongo moja likamteleza, akakaa chini kwenye majani.

"Shikamoo mama," akasema.

Akasubiri. Alisubiri kama anavyosubiri mtu aliyeshika simu na mtandao ni mbaya, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Nyuma ya minyaa, Stumai alisokota pindo la khanga akalitia mdomoni, akaliuma kwa nguvu, kwa maana lile neno lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi.