Mbung'o na Ubatizo Wangu

Katekista Otmar alinifelisha mtihani wa ubatizo miaka miwili mfululizo kwa sababu ya mbung'o.

Kila aliponiuliza, "Nani aliumba vitu vyote?" nilijibu, "Mungu," kisha nami nikamuuliza, "Na mbung'o?" Nilihamia Ushirombo kutoka Kishapu na ng'ombe wazuri, mbung'o wakamaliza zizi zima. Jirani yangu naye akafa kwa malale, ugonjwa wa mbung'o hao hao, mtu ambaye hata chumvi yake ya mwisho angekugawia. Kwa hiyo sikuwa nauliza kwa utani.

"Mbung'o ni kazi ya Shetani," alisema Otmar.

"Na Shetani kaumbwa na nani?"

"Kaa chini, Maduhu. Tutaonana mwakani."

Mimi ningeweza kungoja hata miaka kumi. Tatizo lilikuwa mke wangu, Anisia. Yeye alibatizwa akiwa mchanga, lakini kwa kuishi na mpagani bila ndoa ya kanisa alinyimwa komunyo. Kila Jumapili, wenzake wakienda mbele, alibaki kwenye benchi akijifanya anafunga kamba za viatu. Na alikuwa amevaa kandambili.

Mwaka wa tatu, 1971, alinisindikiza mpaka mlangoni mwa ofisi ya parokia.

"Baba Nyamizi, leo mbung'o abaki nyumbani."

"Atabaki."

"Niangalie usoni ndiyo useme."

"Atabaki, Mama Nyamizi!"

Safari hii muulizaji alikuwa Padre Stanslaus, Msumbwa wa hapo hapo. Otmar alisimama nyuma yake, amenikodolea macho kama mtu anayelinda vifaranga. Nilijibu yote sawasawa. Padre akafunga kitabu.

"Vizuri. Ila nasikia ulikuwa na swali. Umelimaliza?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Nje nilisikia kandambili za Anisia zikienda na kurudi. Lakini kuingia kanisani kwa uongo, tena uongo wenyewe nimwambie padre, hapana.

"Sijalimaliza, Padre. Nimeliacha nyumbani. Mke wangu kanikataza kuja nalo."

Otmar akashika kichwa. Padre akacheka mpaka akakohoa.

"Siku nyingine njoo nalo, bwana. Mimi mdogo wangu alikufa kwa malale, hata meno ya utoto hajamaliza kung'oa. Kila asubuhi namuuliza Mungu kwa nini."

"Anajibu?"

"Bado."

"Na misa unasoma?"

"Nasoma. Nikiacha kuja, nitamuulizia wapi?"

Otmar alikuwa na majibu tele, hakuna hata moja lililonishibisha. Huyu hakuwa nalo, nikashiba.

"Padre," Otmar akaguna, "hayo hayamo kwenye katekisimu."

"Najua. Andika jina lake."

Jumapili ya Pasaka nilibatizwa, nikaitwa Gelasius, jina ambalo mama yangu hajaliweza mpaka leo. Ndoa ikabarikiwa siku hiyo hiyo. Ulipofika wakati wa komunyo, Anisia alitangulia, wala hakuningoja mimi bwana harusi. Wakati wa kurudi kwenye benchi hakuona njia kwa machozi, akanikanyaga kidole kikauma kweli kweli.

"Samahani, Baba Nyamizi," akanong'ona.

"Kanyaga tu," nikamwambia.