Zamu ya Kumliza Leonida

Kitu cha kwanza alichokiona Kasiva ni kitambaa. Susu Kasyoki alikuwa amekifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, akakitandaza chini ya televisheni ili meza isichubuke, na jioni hiyo pembe yake moja ilikuwa imelowa. Kasiva alikuwa amekaa pale alipozoea, chini kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Kutoka pale aliona tone likining'inia kwenye uzi, likaanguka, na jingine likafuata. Aliinuka, akachukua kikombe cha bati jikoni, akakiweka chini ya pembe ile, akarudi kukaa.

Kwenye televisheni, Leonida alikuwa akilia.

Kipindi chenyewe kiliitwa Lango la Tendwa, na kilionyeshwa saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Upande ule wa Mwala ni Susu Kasyoki peke yake aliyekuwa na televisheni na sola ya kuiendesha. Mwanawe Mike, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Athi River, alimletea vyote viwili ili mama yake asimsumbue kwa simu. Kila mtu alimwita Susu, yaani nyanya, hata wale waliokaribia umri wake. Majirani wakishafunga mbuzi walikuja kutazama, wakavua viatu mlangoni, na kabla ya kipindi kuanza walikuwa tayari wanabishana.

Walibishana juu ya Leonida. Alikuwa ameolewa na tajiri, Tendwa, akakaa katika nyumba yenye ngazi za mawe na lango jeusi la chuma. Zamani kulikuwa na mtoto. Watu wa nyumba ile, na zaidi yao mama mkwe wake Imelda, walisema Leonida alimwacha mtoto huyo akiwa mchanga. Alipo mtoto hakuna aliyejua, na mwanamke mwenye kila kitu analia nini, hilo nalo lilikuwa fumbo.

"Huyo analia dhambi," Syokimau alisema. Aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na watu wa televisheni aliwahukumu kama washirika wa parokia yake. "Mtoto aliuzwa. Ngojeni tu, mtaona."

"Auze mtoto na bwana ako na pesa?" Ngui aliuliza. Ngui aliendesha bodaboda na hakukaa kamwe. Aliegemea mwimo wa mlango na helmeti mkononi. "Mimi nimewaambia tangu mwanzo, mtoto ni yule dereva wa Tendwa."

"Dereva ako na ndevu, Ngui!"

"Kwani watoto hawakui?"

"Wewe ungekuwa askari," Susu Kasyoki alisema, "wezi wangekuomba lifti."

Walicheka wote, na Kaluki, mama yake Kasiva, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Kasiva alicheka bila sauti.

Kipindi kilipoisha kikombe kilikuwa kimejaa. Susu Kasyoki alikiinua, akanusa, akaonja.

"Ni maji," alisema. "Na hayana chumvi."

Kisima cha sokoni kilikuwa na chumvi. Ng'ombe ndio walioyazoea maji yake. Susu aliyamimina yale ya kikombe kwenye sufuria ya chai. "Kesho mtu alete beseni," alisema.

Kesho yake waliweka beseni, na Leonida akalia kwa kirefu mbele ya dirisha, na beseni likamwagwa kwenye mitungi mara kadhaa. Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika. Awali swali la sababu ya Leonida kulia lilikuwa burudani tu; sasa mtu aliyekosea kubashiri atalia lini alirudi nyumbani na mtungi mtupu. Ngui alisema atalia Tendwa akimgombeza. Tendwa aligombeza kipindi kizima, na Leonida akamtazama kwa macho makavu. Syokimau alisema atalia akipigwa. Akapigwa kofi, halafu akaanguka kwenye ngazi, na hata tone halikutoka.

"Huyu mwanamke ana roho ngumu," Syokimau alilalamika, akiufunika mtungi wake.

Kwa Kaluki jambo hili halikuwa la mchezo. Mvua ilikuwa imekosa tena, na mtoni ilibidi kuchimba mchanga hadi kiunoni ndipo maji yachungulie. Kazi hiyo ilikuwa ya Kasiva tangu alipokuwa darasa la sita. Mwaka ule nao mvua ilikosa, na baba yake akapiga simu kutoka Mlolongo, alikokuwa mlinzi, akakubaliana na Kaluki kwamba Kasiva apumzike shule kidogo. Kaka yake Levi hakupumzika. Sasa alikuwa chuoni Machakos mjini akisomea umeme. Mvua ilikuja, ikaenda, ikaja tena, na watu wakawa wanasema Kasiva aliacha shule. Walilisema kwa upole, kama vile wangesema ana macho ya mama yake. Kasiva hakuwahi kuwasahihisha.

Sasa mtu mmoja kwenda mtoni na punda hakukutosha tena, na Kaluki alikuwa ameanza kumtazama Kanini, mdogo wake Kasiva, aliyekuwa gredi ya sita na kupenda kusoma kwa sauti. "Labda Kanini apumzike kidogo," alikuwa amesema asubuhi moja, akipepeta maharagwe. Wiki hiyo hiyo kitambaa kikalowa. Basi Kasiva alibeba mitungi kwa Susu kila jioni, na Kanini akabaki na vitabu vyake.

Kwa kuwa alikuwa hasemi, Kasiva alisikia. Siku moja ubishi ulipokuwa umepamba moto alisikia pia sauti yake mwenyewe.

"Halii akipigwa," alisema. "Analia akiambiwa alimwacha mtoto."

Wote waligeuka.

"Kumbe huyu anaongea!" Ngui alisema.

"Nyamaza wewe," Susu Kasyoki alimwambia. "Kasiva, hebu sema tena."

Alisema tena, masikio yakimchoma. "Na lazima aambiwe kwa upole. Akitukanwa, hapana."

Walitazama. Imelda alimmiminia Leonida chai, akamshika bega, akasema, usijilaumu binti yangu, ulimwacha ukiwa bado mdogo. Leonida akaangua kilio, na maji yakatoka chini ya televisheni mpaka mkeka ukalowa. Walimpigia Kasiva makofi. Syokimau alimkumbatia, na Ngui akambebea mtungi hadi kwao kwa bodaboda bila kumwomba kitu. Kasiva alienda nyuma kwa miguu, na njia nzima alikuwa akitabasamu gizani.

Jumamosi iliyofuata Syokimau alitaka kufua majoho ya kwaya, na Jumamosi hapakuwa na kipindi. Alikwenda hata hivyo. Televisheni ilikuwa ikionyesha taarifa ya habari. Syokimau alisimama mbele yake, akaweka beseni vizuri, akasema, "Leonida, mwaitu, ulimwacha mtoto wako."

Leonida aliingia katika taarifa ya habari akiwa na kilemba chake cha kijani, akasimama nyuma ya msomaji, akalia. Msomaji aliendelea na bei ya mahindi. Majoho yalifuliwa siku hiyo hiyo.

Kisha walipanga zamu, kama wanavyopanga kwenye mwethya, kile kikundi chao cha kuchimbiana matuta: leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna kuruka. Walifanya kwa adabu. Hakuna aliyeanza bila salamu. Wanawake walimwita mwaitu, kama wanavyomwita mama yeyote wa heshima, na Ngui alishusha helmeti. "Pole sana, mwaitu," walisema, "lakini ulimwacha." Naibu wa chifu alipita akatazama foleni ya mitungi, akaomba tu isizibe njia. Mbuzi walinenepa. Syokimau akapanda sukuma wiki nyuma ya choo.

Saa moja jioni waliendelea kutazama kipindi. Leonida alikuwa amekonda. Kope zake zilikuwa zimevimba, na kwenye ngazi za mawe alishika ukuta.

"Mwandishi ameanza kuharibu," Ngui alisema. "Sioni sababu ya huyu mama kukonda."

"Ni mapenzi," Syokimau alisema. "Ako na mtu."

"Na nani?"

"Dereva."

"Dereva si mtoto wake?"

"Huyo ni mtoto kwako, Ngui. Kwetu ni dereva."

Kasiva hakucheka. Alikuwa akitazama mikono ya Leonida, ambayo haikutulia.

Zamu ya kwao ilipofika, Kaluki ndiye aliyekuwa akisema. Kasiva alishika mtungi na kutazama sakafu. Lakini zamu ya wiki ile ilimkuta Kaluki na homa iliyokausha sauti yake. Alijaribu mbele ya televisheni, midomo ikacheza bila neno. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu.

Kaluki alimvuta Kasiva sikio. "Sema wewe," alinong'ona. "Kanini ana mtihani. Tukirudi na hii mitupu, kesho anakwenda mtoni."

Kasiva aliweka mtungi chini akainua macho. Lilikuwa tangazo la mafuta ya kupikia. Leonida alikuwa tayari amesimama ukingoni, kando ya sufuria ya chapati, akingoja. Hakumtazama mtu. Alikuwa amenyoosha viganja mbele, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa akijua fimbo iko mezani.

"Shikamoo, mwaitu," Kasiva alisema.

Nyuma yake mtu alikohoa. Kaluki akamgusa mgongoni.

"Hukumwacha," Kasiva alisema. "Walikunyang'anya."

Leonida aliinua kichwa. Alimtazama Kasiva kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika soko ambako hamjui mtu. Alishusha viganja, akavua kilemba cha kijani, akajifuta uso nacho vizuri, akianza na paji. Kisha alipita mbele ya sufuria, akalifungua lile lango jeusi la chuma, ambalo siku hiyo lilikuwa nyuma ya jiko la tangazo, akatoka, na hakulifunga. Chapati iligeuzwa. Tone la mwisho lilianguka kutoka kwenye kitambaa.

"Sasa umefanya nini?" Syokimau aliuliza.

"Na mtoto hatujaonyeshwa," Ngui alisema, akivaa helmeti. "Hata hatujui kama ni dereva."

Walijaribu. Syokimau alisema maneno yale kwa upole, kisha kwa wimbo. Susu Kasyoki alisema kama mzazi. Televisheni ilibaki kavu. Jumatatu kipindi kiliendelea, Tendwa na Imelda wakila chakula cha jioni, kiti cha Leonida kikiwa wazi, na hakuna aliyemuulizia. Majirani walibishana alikokwenda mpaka taarifa ya habari ikaanza. Susu alikitoa kitambaa, akakianika uani, akakirudisha. Hakuna aliyemkasirikia Kasiva kwa muda mrefu. Asubuhi walikutana mtoni wote, kila mmoja na shimo lake, wakachimba.

Sauti ya Kaluki ilirudi. Asubuhi moja alitoka nje akiwa na kikombe cha uji, akamkuta Kasiva akifunga mitungi juu ya punda, na Kanini amevaa sare, akitafuta soksi.

"Kanini, leo utaenda na dada yako," Kaluki alisema. Hakuwa mkali. "Upumzike shule kidogo, mpaka mvua. Si kitu cha kulia. Kasiva mwenyewe aliacha shule na tumeishi vizuri."

Maji yalianza kudondoka kwenye pindo la leso ya Kasiva. Yalikuwa safi. Kuku waliyakimbilia.

Kaluki aliyatazama. Aliweka kikombe chini, akaingia jikoni, akatoka na beseni, akalisukuma mpaka kati ya miguu ya binti yake.

"Simama hapo hapo," alisema, na akamshika bega. "Uliacha tu, mwanangu. Hakuna aliyekulazimisha."

Beseni likaanza kulia, kwanza kwa matone, kisha kwa mfululizo. Kanini alitazama beseni, akamtazama dada yake. Akavua mkoba, akauweka kwenye kizingiti.

Kasiva aliondoka juu ya beseni. Aliuokota ule mkoba, akaupangusa vumbi, akamvika Kanini mabegani, akamkazia mikanda. Alimgeuza kuelekea njia ya shule na kumsukuma kidogo mgongoni, na Kanini akaenda na soksi moja. Kisha alirudi kwa punda, akachukua mtungi ambao ungekuwa wa Kanini, akaufunga na ile mingine, akavuta kamba kujaribu fundo. Mto ulikuwa mbali kama jana. Alishika hatamu, akamgeukia mama yake, aliyekuwa bado ameinamia beseni akingoja.

"Sikuacha shule, mwaitu," alisema. "Mlinitoa."