Jibu la Saa Moja Asubuhi

Meneja wao alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote. Mtambo wa kompyuta ukipunguza mwendo, ongeza seva, yaani mashine nyingine ya kuubeba. Wateja wakilalamika, ongeza seva. Hata choo cha ghorofa ya tatu kikiziba, nadhani angeongeza seva. Ndiyo maana mtaalamu wa hifadhidata, mwanamke mwenye ulimi mkali na miwani inayoning'inia kifuani, alimbandika jina la Bwana Ongeza, na jina likamganda.

Yeye mwenyewe walimwita Bi Akiba. Kazi ya mtambo wao ilikuwa moja tu: duka la dawa linauliza dawa fulani inapatikana wapi mjini, mtambo unajibu. Bi Akiba alishikilia kwamba swali likishajibiwa, jibu liwekwe akiba karibu, kwenye kumbukumbu ya seva, ili atakayeuliza tena apewe lile lile bila mtambo kurudi kwenye ghala la data kupekua upya.

"Mtu akikuuliza jina lako mara kumi," alipenda kusema, "utakwenda kutazama cheti cha kuzaliwa mara kumi?"

Watu walicheka. Hakuna aliyemkumbusha kwamba jina la mtu halibadiliki, lakini maboksi ya dawa rafuni yanabadilika kila saa.

Wiki hiyo mkurugenzi, mtu aliyependa sana vitu vinavyowaka, alitundika skrini kubwa ukutani. Ilionyesha mtambo unajibu kwa sekunde ngapi: kijani ukiwa mwepesi, nyekundu ukichelewa. Wageni kutoka chama cha maduka ya dawa walikuja kutazama, na kila mmoja wa hawa mahasimu wawili alipewa siku yake. Atakayeipendeza skrini, njia yake ndiyo itakayofuatwa.

Siku ya Bwana Ongeza ilikuwa kichekesho. Msongamano wa mchana ulipoanza aliwasha seva ishirini mpya, nazo zikaja kichwa kitupu, kama wageni waliokuja kusaidia kupika na hawajui chumvi inakaa wapi. Kila moja ikakimbilia ghalani kwa kila swali, ghala likaelemewa, majibu yakachukua sekunde kumi na moja. Zilipoanza kuzoea, watu walikuwa wamepungua, naye akazizima pamoja na yote ziliyojifunza. Bi Akiba alicheka mpaka akafuta miwani.

Siku yake yeye, aliacha seva mbili tu. Na kwa kuwa hakutaka kuumbuka mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemcheka, alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Jibu lililowekwa akiba huishi dakika tano, kisha hutupwa. Yeye aliliongezea umri: likae siku nzima. Skrini ilipima wepesi, haikupima ukweli. Kufika saa sita mchana ukuta mzima ulikuwa kijani, na mkurugenzi alikuwa akimshika bega kila akipita.

Asubuhi ile nyumbani, mama mkwe wake alikuwa amejidunga insulini ya mwisho. Ya jioni haikuwepo. Wifi yake ndiye aliyetumwa kuitafuta, na Bi Akiba alimtumia mwenyewe majina ya maduka mawili, moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wake mpendwa. Sasa simu ikalia.

"Wifi, hapa pia hakuna," sauti ilisema. "Wanasema iliisha tangu asubuhi. Na kule duka la kwanza vilevile."

"Hebu waambie waangalie vizuri."

"Waangalie nini, rafu tupu? Mama nimemwacha kwenye kochi, hataki hata kuongea. Mtambo wenu unajibu haraka, wifi, sikatai. Unajibu kama mtu asiyesikiliza swali."

Bi Akiba akavaa miwani. Chini ya jibu, kwa herufi ndogo, iliandikwa saa lilipotolewa ghalani: saa moja na dakika tatu asubuhi.

Angeweza kuchungulia ghalani kimyakimya, kwa ajili ya mama mkwe peke yake, na ukuta ukabaki kijani. Usimwonee huruma, alikwishaweka kidole kwenye kitufe. Kisha akaona idadi: swali lile lile lilikuwa limeulizwa mara mia mbili na kumi tangu asubuhi, na wote walipewa jibu lile lile. Wifi za watu walikuwa wanazunguka mjini.

Kuifuta akiba yote saa ile, kwa seva mbili, ni kuufanya mtambo ukwame mji mzima. Zilihitajika nyingine, na mwenye ruhusa ya kuziwasha alikuwa mmoja, amesimama karibu na wageni na uso wa msibani.

"Meneja," alisema. Hakuwa amemwita hivyo kwa mwaka mzima. "Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Seva. Nafuta kumbukumbu. Majibu yote ni ya asubuhi, niliyarefushia muda mimi."

"Lakini ni kijani!" mkurugenzi alilia.

"Ni kijani, na ni uongo."

Bwana Ongeza angeweza kucheka, na ilikuwa haki yake. "Ngapi?" aliuliza.

"Sita. Na usizizime zikishapata uzoefu."

"Sita tu?" Alisikitika kweli kweli, lakini akaziwasha.

Ukuta ukawa mwekundu. Wageni wakatazama viatu vyao. Baada ya sekunde tisa jibu la kweli likaja: insulini ipo, imeingia saa nne, kwenye duka lililo mkabala na ofisi. Asubuhi duka hilo halikuwa nayo, na mtambo uliendelea kusema haina. Bi Akiba alikuwa akiliona bango lake kupitia dirisha la ofisi siku nzima.

Akavuka barabara mbio, akaiomba. Muuza dawa alibonyeza kompyuta, akasubiri, akasonya.

"Mtambo huu sasa hivi mzito! Asubuhi ulikuwa safi kabisa. Sijui mjinga gani kauchezea."

"Ni mimi," Bi Akiba alisema, akilipokea boksi kwa mikono miwili. "Na asubuhi pia nilikuwa mimi."